Sijambo ya Mabano

Mchana, Gerezani, duara nalijua kwa mkono:
msumari katikati ya bati, uzi, chaki, zunguka,
kisha moto unaufuata weupe wa chaki
na mfuniko wa chemba unadondoka sakafuni,
kengele moja nzito.
Msumari ni kitovu. Uzi ni nusukipenyo.
Miaka kumi na tisa sikuhitaji kuyataja majina hayo.

Usiku, Keko Machungwa, darasa la watu wazima,
Mwalimu Asumpta ananipa duara lisilo na msumari:

x² + y² − 6x + 8y − 11 = 0

"Fundi Kondo, kitovu kiko wapi?"
Natazama. Duara silioni.
Naona mizigo ya mtu aliyehamishwa usiku,
sufuria juu ya godoro, godoro juu ya kuku.
Nyuma yangu Mama Semeni,
anayekaanga vitumbua mia mbili kila alfajiri,
anacheka kwa pua.

"Pangeni," anasema mwalimu.
x akae na x, y akae na y,
kumi na moja atoke mlangoni,
akivuka avae alama nyingine.

Halafu anachora sakafu:
mraba wa y, na vipande viwili vya upana wa nne,
kimoja ubavuni, kimoja miguuni,
na konani, pengo.
Pengo hilo nalijua!
Sebule ya shemeji yangu kule Kitunda
ina kona kama hiyo; hela iliishia hapo.
"Marumaru kumi na sita, mwalimu."
"Kumi na sita. Na upande wa pili ulipwe vilevile."
x naye, pamoja na deni lake, akadai tisa.

Nikirudi kwa miguu kando ya reli
nikaifunga kwa vina isinitoroke:

    Herufi zipange mbali, namba pweke ihamishe,
    Kizigeu gawa mbili, jibu lake lizidishe
    Lenyewe kwalo kamili, pande zote lifikishe,
    Mizani haina hila, ukipunja wajichosha.

Kesho yake nikaandika kwa maringo:

(x − 3)² + (y + 4)² = 36

kitovu: hasi tatu, chanya nne.
Kalamu nyekundu ikapita juu yake kama wembe.
"Fundi, hujambo?"
"Sijambo, mwalimu."
"Si-jambo. Umekana, na habari ni njema.
Mabano nayo huitika hivyohivyo.
Tafuta kinachoyanyamazisha yawe sifuri."
Tatu, basi. Na hasi nne.
Nikahisi ncha ya msumari ikigusa bati.

Nusukipenyo, Mama Semeni aliandika thelathini na sita.
"Kwa kikaango gani?" nikamuuliza,
zamu yangu ya kucheka kwa pua.
Kipeuo, mama. Sita tu.

Lipo swali moja lililonikesha:
upande wa kulia uligoma kwenye hasi tano.
Nilihesabu mara nne, nikamlaumu mkaa wa penseli,
nikamlaumu mbu.
Mwalimu akaandika pembeni: *Duara halipo. Hilo nalo ni jibu.*

Leo asubuhi, kabla ya kugonga msumari,
nimeandika kwa chaki kando yake: (3, −4).
Mwinjuma, kijana wangu wa kushika bati, akainama:
"Ndiyo bei hiyo, fundi?"
"Hapana," nikasema, nikivuta uzi ukaze.
"Anwani."