Mbwamwitu Mlangoni pa Kuku

Kiwanda cha Brescia kiliwabatiza wanawe majina ya porini:
Leoncino, kisimba. Orsetto, kidubu.
Hili la baba mkwe wangu ni Lupetto, kitoto cha mbwamwitu,
kijivu kilichopauka kama suruali ya kazi.
Usukani uko kulia, ingawa Italia magari hupita kulia:
kule Tonale dereva alitaka kuuona ukingo wa korongo
kwa macho yake, si kuambiwa na utingo.

Kisha wakubwa wakaketi. Torino, Ulm, Paris,
kalamu zikatembea, kahawa ikapoa.
Fahali wawili hawakai zizi moja;
hawa walikuwa watano, na zizi likapewa jina
la herufi tano, lisilo na manyoya.

Asubuhi moja msimamizi akamkabidhi Ottorino
sanduku la nembo mpya
na patasi ya kung'olea za zamani.
Aling'oa. Mshahara ni mshahara.
Nembo moja tu ilipotea hesabuni,
naye akarudi nyumbani akichechemea,
mguu mmoja wa suruali haukunji.

Alipostaafu akalinunua lori hili mnadani,
matundu manne ya skrubu usoni.
Sote tulijua nini kingeenea pale.
Hakukirudisha.

Jumapili mwanangu Fiorenza hulipiga ufunguo:
linakohoa mara tatu, linanguruma,
vioo vya jirani vinatetemeka.

Nembo bado iko mlangoni pa banda la kuku,
alipoigongomea mwenyewe, misumari sita.
Alizikwa bila kueleza.
Kuku wanataga kama kawaida.