Mikato Kumi na Saba

Jina la ukoo wetu lilikuwa na mikato kumi na saba:
mvua juu, mlango chini,
na katikati, pembeni kidogo, nukta
ambayo babu alisema ni mtu aliyechelewa kurudi.

Mwalimu alinichapa kwa sababu ya nukta hiyo.
Nililiandika jina vumbini, kwenye mvuke wa dirisha,
kwenye unga mama alipokuwa anakanda tambi,
mpaka mkono ukaijua njia bila kuniuliza.

Kisha kompyuta zikafika ofisi ya wilaya,
zimefunikwa nailoni kama maharusi.
Karani, kijana mwenye kikohozi, akapekua, akapekua tena.
"Jina lenu halimo," akasema.
Halimo. Kana kwamba sisi ndio tuliolikosea.
Bila kitambulisho hakuna tikiti ya treni,
na mdogo wangu alikuwa na kibarua kinamsubiri Shenzhen.

Tukapewa jina jirani: sauti ileile,
mikato minne tu. Jepesi, kama nguo ya kuazima.
Kijiji kizima tulipanga foleni,
tukaingia hivi, tukatoka vile,
isipokuwa mzee Gengxin. Alikataa,
akafa hana pensheni,
na kaburi lake ndilo pekee lenye mvua.

Miaka ishirini na miwili. Simu ya binti yangu
inalo sasa: wamelipata huko, wameliingiza.
Yufei alinionyesha. Aligusa tu kwa kidole,
mvua ikanyesha juu ya mlango, nyeusi, safi,
haina kosa hata moja.
Nikamwuliza: utalirudia?
Akacheka. "Baba, shahada yangu, mkataba wa kazi, nyumba,
wanaonipenda na wanaonidai,
wote wananijua kwa hili la minne.
Lile ni lenu."

Sikumlaumu. Mimi mwenyewe, usiku ule,
nilichukua kalamu na risiti ya umeme, nikaigeuza.
Mvua nikaiweza.
Mlango nikauweza, japo ulipinda.
Nikakwama kwenye nukta:
kushoto, au kulia?

Simu ilikuwa mezani, inang'aa, inajua.
Sikuiuliza.
Nikaacha mahali pake wazi,
kama mtu anayekwenda kulala
bila kutia komeo,
kwa kuwa kuna mmoja bado yuko nje.