Aliyeniua Mara Arobaini na Moja

Kwa hesabu yangu, Lali Famau,
umeniua mara arobaini na moja:
kwa jambia, kwa sumu ndani ya kahawa ya tangawizi,
kwa bunduki ya mbao aliyoichonga fundi Mitsanze wa Maweni,
na mara moja kwa mto wa kulalia,
ukanikandamiza kwa dhati hadi nikakufinya paja
ndipo ukakumbuka kwamba mimi ni sahibu yako.

Ulianza na karanga.
Mtoto wa miaka tisa, sinia kichwani,
unaingia sinema ya Barani bure kwa kuwa wauza.
Picha za Kihindi, saa tatu nzima, na Kihindi hukijui,
lakini ulishika yule mwovu anavyocheka:
kwanza puani, kisha kifuani, kisha kimya.
Wenzio walitaka kuwa yule anayeimba akizunguka mti.
Wewe ulirudi nyumbani Shela
ukamchekea mamako hivyo, sinia tupu mkononi,
akakuzaba kofi.
"Mshahara wangu wa kwanza," ulizoea kusema.

Kisha redio, Jumapili mchana,
sauti yako ikiwafukuza wajane majumbani mwao.
Kisha televisheni. Kisha wale Wataliano na kamera zao,
wakakulipa kubeba jeneza ufukweni siku nne
pasi na neno hata moja.
Ulirudi umenuna:
"Halikuwa na kitu ndani,
na ni mimi peke yangu niliyelibeba kama lina mtu."

Malindi haikukusamehe.
Bi Mwanaesha alikunyima mahamri wiki mbili
kwa sababu Jumapili ulimdhulumu yatima.
"Nenda kale urithi wa watoto!"
Ukaniambia hiyo ndiyo tuzo, huna haja ya nyingine.
Nyingine haikuja.
Posa zako mbili zilirudishwa.
Ya tatu ilipita: kwao Tima hakukuwa na televisheni.

Sasa una miaka sabini na tisa na mambo yamevurugana.
Asubuhi unavaa kanzu, unatia sarafu mfukoni,
unatoka kulipa.
Kwa Ghalib wa vitambaa: marobota sita
uliyoyachoma katika mchezo ambao yeye hakuwahi kuutazama.
Kituoni: unataka wakufunge, wanakupa chai.
Kwa Bi Mwanaesha, ambaye macho yamemwisha:
"Nimeleta haki ya yatima."
Alizipapasa sarafu moja moja, akazihesabu kwa sauti,
akasema, "Imetimia. Nitamfikishia."
Magharibi akampa binti yako zile zile,
na mahamri manne juu yake.

Vijana barazani hucheka. Mmoja hukurekodi kwa simu.
Wallahi, hata kwenye simu ile
unaigiza kuwashinda wote,
na hilo ndilo liniumalo.

Jana ukafika kwangu.
Ulisimama mlangoni, kofia mkononi,
ukanitazama shingoni, mahali pa jambia.
"Nilikuua," ukasema.

Ningeweza kukujibu: ulikuwa mchezo, Lali.
Binti yako ameniomba nikusahihishe taratibu.
Lakini uliyazoea machozi ya kitunguu,
na jana hapakuwa na kitunguu.

Basi nikajilaza mkekani, magoti yakilalama.
Nikafumba macho. Nikahesabu hadi kumi na mbili,
muda ule ule wa pazia,
pumzi juu juu, tumbo lisionekane.
Nilipofumbua, ulikuwa umeninyooshea mkono.
Ukanivuta, kama ulivyonivuta kila usiku
twende mbele tukawainamie watu.

Ukainama.
Kwa ukuta. Kwa jiko la makaa.
Kwa kalenda ya duka la nyama.
Nami nikainama, nisikuache peke yako.
Kisha, kwa pembe ya mdomo, kama zamani:
"Leo wamekuja wangapi?"

"Wamejaa," nikasema.
"Wengine wamesimama."