Mwonjaji wa Barka

Shinuna kaja na gari la wizara,
kipimo cha chuo mkobani,
chupa arubaini, kila moja na jina la kisima.

Mama hakungoja mashine.
Kachota kwa kiganja, kaonja, katema:
«Chumvi hii ya mwaka wa tufani.
Yale ya mashariki yamezidi, hata mbuzi hayanywi.»

Mashine ikawaza, ikatoa namba.
Namba ikaufuata ulimi.

Fomu ina nafasi za mihuri miwili,
wa serikali na wa chuo.
Shinuna kachora mstari wa tatu kwa kalamu,
kaandika: mwonjaji.
Mama katia dole gumba.

Shayiri ya majaribio
imechipua vitalu vitatu kati ya tisa.
Mama anauliza
vile sita vingine
nani alivimwagilia bila kuonja.