Jengo la Paretoni

Kibao cha shaba mlangoni kinasema 1974,
na jina la mkubwa aliyekata utepe,
na neno SAYANSI kwa herufi zilizonyooka.
Hakisemi uongo. Kimeanza hadithi katikati tu.

Kabla ya utepe palikuwa ghala.
Maua meupe yalipanda hapa migongoni mwa akina mama
kutoka kila bonde la Uporoto,
yakaanikwa kwenye chekeche za waya,
yakashindiliwa magunia mpaka hewa ikawa chungu:
ukianza kupiga chafya langoni
unaimalizia Isongole.
Bei ikaanguka. Magunia yakaisha. Harufu ikabaki,
ikakabidhiwa chuo pamoja na madirisha.

Mimi nilipewa funguo saba, mmoja hauna kufuli.
Mizani iliyofika na ukungu ndani ya kioo chake.
Mifupa ya plastiki, imepungua kidole kimoja,
wanachuo wakaibatiza Shemeji.
Bomba la gesi lilikuja, gesi haikuja;
tukachemshia majiko ya mchina,
dari ikawa nyeusi kama sufuria ya makande.

Na Mwalimu Atupakisye Mwaisumo, wa baiolojia,
alitaka panzi.
Alitaka mende, nyuki, hata kipepeo mmoja
aliye hai mbele ya darasa.
Kila alichokileta kilikunja miguu kabla ya kengele.
"Jengo hili," alisema, "linajua somo moja tu."
Akahamia nje, kwenye baridi,
wanafunzi wamejitanda mablanketi,
panzi naye kazubaa kwa umande
kama mwanafunzi wa dawati la nyuma.

Mwaka wa vita haikuja tindikali, haikuja chaki.
Usiku tulichuma waridi za mkuu wa chuo,
tukachemsha petali:
nyekundu kwa ndimu, kijani kwa majivu.
Asubuhi akauliza paredini nani kamwibia maua.
Darasa zima lilijua kemia,
hakuna aliyejua jibu.

Meza ya nne ina alama ya moto.
Sekela Mwashambwa, 1986, mkono wa sweta.
Leo anapima maji ya watu huko Makambako;
akipita huku hugusa alama kwanza,
ndipo anatusalimia.

Wiki iliyopita mafundi walibandua sakafu.
Panakuja vigae, vioo, taa zinazowaka zenyewe,
na kibao kingine, chenye mwaka mwingine.
Chini ya mbao nikaokota ukufi wa maua,
makavu, rangi ya karatasi za mitihani ya zamani.
Nikayanusa. Nikaingoja chafya.
Haikuja.

Nikayamwaga kizingitini, nikachuchumaa na funguo zangu.
Sisimizi akatoka ufani,
akapapasa, akazunguka, akarudi.
Nikasema moyoni: sasa hivi anakunja miguu.
Akatwaa petali iliyomzidi kimo,
akayumba nayo,
akaingia nayo ndani ya jengo.

Nimempigia simu Mwalimu Atupakisye.
Amestaafu, yuko kwao Masoko, masikio mazito,
na mvua ilikuwa inapiga bati lake.
Ilibidi nirudie mara tatu:
Mwalimu, leta panzi.