Ufunguo wa Mlango wa Kando

Mufindi, mwezi wa saba. Sakitu imelala juu ya majani ya chai
nami nimeamka kabla ya majogoo
kupiga deki kanisa ambalo kwa majuma kumi na moja
halikukanyagwa ila na mimi, na popo,
na Baba Paroko aliyeadhimisha misa peke yake,
akijiitikia mwenyewe, "Awe pia na roho yako,"
kwa sauti ndogo kama ya mdeni.

Bakuli la maji ya baraka limekauka.
Buibui amefuma humo, kimya, kama mtawa.
Nje nimepanga ndoo tatu zenye koki
na mche wa sabuni nilioukata kwa uzi vipande vinane,
maana nawajua watu wangu:
mche mzima ungemfuata mtu nyumbani.

Kisha chaki. Kila benchi alama tatu.
Zamani benchi moja lilibeba tisa
na watoto magotini, na vikapu vya mayai ya matoleo,
na joto la makoti ya mtumba yanayonuka moshi wa miwati.

Nikafika benchi la nne, upande wa wanaume.
Mkono ukachora wenyewe pale pembeni, ukutani,
mahali pa Wendelini Kihwele.

Niseme tu.
Ufunguo wa mlango wa kando ulikaa shingoni mwangu
siku zote hizo, kamba moja na msalaba.
Jioni moja ya mwezi wa tano akaja, kofia mkononi.
"Kamwene, Notburga. Sitaki misa. Nataka kukaa tu.
Mle ndani hakuna upepo."
Nikasema Baba amekataza. Nikasema ugonjwa hauna adabu.
Nikasema na mengine; mwenye ufunguo hakosi maneno.
Hakubisha. Akaketi kwenye ngazi, mgongo mlangoni,
akasali rozari,
nami upande wa pili nikifuta vumbi
pasipo na vumbi,
nikihesabu makumi yake kwa kikohozi.

Alizikwa na watu sita.
Mwanawe wa Makambako alifika kesho yake.
Walisema mapafu. Walisema uzee. Nyungu alipigwa mara saba.
Huenda nilimwokoa mtu mwingine.
Huenda. Neno hilo nimelilalia kama jiwe.

Saa moja kengele ikalia, ile rimu ya lori la magogo,
wakaja wakichomoza ukunguni, barakoa za vitenge,
nikawatambua kwa mwendo:
Sekinyaga kwa nyonga yake,
mwalimu Chengula kwa viatu vinavyolalamika.
Kwenye amani hawakushikana mikono.
Waliinamiana kwa aibu, kama wachumba wa zamani.

Kwenye komunyo Bibi Kunigunda,
aliyepokea kwa ulimi tangu enzi za mapadre wenye ndevu,
alisimama mbele ya Baba, mikono nyuma.
Baba akangoja. Sote tukangoja.
Akaileta mbele. Akaifungua.
Viganja vyeusi kwa utomvu wa chai,
nyufa za miaka arobaini ya kuchuma,
na hostia ikatua pale, nyeupe mno,
hata nikaona haya kutazama.

Pembe ya Wendelini haikukaliwa.
Ila wimbo wa mwisho ukiendelea, mtoto mmoja
aliteleza hadi pale, akaikanyaga alama,
akaondoka nayo kwenye soli.

Jioni nimefagia. Hostia zilizobaki nimezihesabu mara mbili.
Kipande cha chaki, kama ukucha, bado kimo mfukoni.
Nimetoka hadi kwenye ngazi ya mlango wa kando
nikachora alama moja. Ukungu utaifuta kabla ya alfajiri,
najua.

Mlango nimeurudishia tu. Sikuufunga.
Popo na waingie.