Hatua ya Tisa

Kazi yangu ni kusoma.
Nasimama nyuma ya mstari wa njano
uliopakwa juzi kwa rangi iliyobaki kwenye geti la shule.
Karatasi yangu imo ndani ya nailoni,
maana Tukuyu mvua haijui turubai.
Hatua kumi na nne.
Kuvaa ni rahisi, kuvaa kuna ushujaa na watu wa kutazama.
Kifo hukaa kwenye kuvua.

Ugonjwa wenyewe hauna jina bado.
Jina limepanda gari Jumanne, ndani ya boksi la barafu,
limekwenda Dar es Salaam kuulizwa.
Sisi huku tunauita "ule".

Saa kumi alfajiri gari la wagonjwa lilirudi kutoka Kiwira,
taa yake ya buluu ikizunguka kwenye ukungu
kama mtu atafutaye ufunguo gizani.
Muuguzi alibaki wodini na mgonjwa.
Aliyekuja kwangu kuvuliwa ni dereva,
na dereva ni baba mkwe wangu.

Mnielewe.
Miaka tisa tangu Lusajo anioe
sijamtazama mzee huyu usoni.
Akitokea njiani naingia migombani,
khanga kichwani, mgongo barabarani,
mpaka viatu vyake viishe kusikika.
Jina lake sijawahi kulitamka.
Mtoto alipoandikishwa darasa la kwanza
ukoo wake niliuonyesha kwa kidole kwenye cheti,
mwalimu akacheka, akaandika.

Matroni aliniuliza, "Hakuna mwingine wa zamu?"
Hakuna. Wawili wamelazwa,
wale waliombeba mgonjwa wa kwanza kwa mikono mitupu
kwa sababu glavu zilikuwa stoo
na ufunguo wa stoo ulikuwa harusini Kyela.

Basi nikasoma.
Moja: nawa, glavu zikiwa mkononi.
Mbili: fungua aproni, anza na fundo la nyuma.
Sauti yangu niliielekeza kwenye ndoo ya klorini.
Naye alitii akiwa ameinamisha kichwa;
anajua kunikwepa kama ninavyojua kumkwepa.
Zile hatua mbili za umbali kati yetu
zilikuwa mila kabla hazijawa kanuni.

Lakini karatasi, mstari wa chini, kwa herufi kubwa:
MSIMAMIZI AMTAZAME ANAYEVUA MUDA WOTE.

Nikayainua macho.
Kumbe ni mfupi.
Kumbe mabega ya mume wangu yalitoka hapa.

Tisa: fumba macho, inama, shika mkanda kwa nyuma.
Miwani ikatoka na maji yake ya jasho.
Usiku wa pili hajalala.
Tone likamshuka kwenye unyusi, likaingia koponi,
na mkono, ule wa kulia, ulioshika machela,
ukaanza kupanda
taratibu, bila kosa, bila nia,
kama mkono wa mtu yeyote anayewashwa jicho.

"Baba" asingegeuka; akina baba ni wengi hapa.
"Dereva" lingechelewa.

"Ambokile!"

Mkono ukasimama hewani.
Mlinzi getini akazima redio.
Jina lile, kwa lugha yetu, ni "ameniokoa",
na miaka tisa nimelizunguka kama shimo la choo.

Akafumbua macho, akaniona.
Sijui aliona nini, mimi nami nimejifunika barakoa.
Akashusha mkono, polepole, akauweka mbali na mwili
kama kitu cha kuazima.
Kisha akageukia turubai
na kuiambia turubai:
"Mkamwana, ya kumi inasemaje?"

Nyumbani kuna faini yake. Jogoo, labda ndama,
mama mkwe atapanga na wazee, nitalipa.
Ufunguo wa stoo sasa nauvaa shingoni,
unanigusa kifuani, baridi, kila ninapovuta pumzi.

Kumi, nikasoma.
Nawa tena.
Usiharakishe, baba. Gari la pili bado liko mlimani.